Mama Winfrida wa Mapinga, Aliyepiga Hodi Kabla ya Kutangaza

Alizaliwa Winfrida binti Mwishehe mwaka 1949, juma la Pentekoste, katika kijiji kidogo upande wa Msata, enzi ambazo habari zilitembea kwa miguu. Baba yake alibatizwa ukubwani. Ndugu zake wote walibaki katika Uislamu, na hakuna aliyemnunia mwenzake kwa sababu hiyo. Binti alikula futari kwa baba zake wakubwa na pilau ya Krismasi kwa mama yake, na waliomjua utotoni wanasema hakuna sahani iliyompita. Kwa kuwa alikuwa na miguu myepesi na sauti nzito, alikuwa mtoto wa kutumwa. Bibi yake mzaa baba ndiye aliyemfundisha adabu ya mjumbe: ukifika mlangoni piga hodi, ungoje, piga ya pili, ungoje, piga ya tatu, na usipoitikiwa, geuka na ujumbe wako urudi nao. Ujumbe, alisema bibi, haumwagwi kizingitini. Mtoto aliyashika maneno hayo kuliko alivyowahi kushika hesabu za darasani, na hilo walimu wake walilithibitisha kwa masikitiko.

Mwaka 1971 aliolewa na Stefano, fundi seremala, wakahamia Mapinga, ambako wakati huo viwanja havikuwa na bei na mikorosho ilikuwa mingi kuliko watu. Alijiunga na Umoja wa Mama katika kanisa letu la Mtakatifu Anna, akafagia, akapanga maua, akalea watoto wake wanne, wala hakuna aliyemdhania jambo kubwa. Wito ulimjia mwaka 1986, Jumapili ya pili ya Majilio, kwa njia ya mafua. Katekista alisimama kusoma matangazo, akafungua kinywa, sauti haikutoka. Padre akauliza nani atamsaidia. Watu wakatazamana. Winfrida akainuka, kwa sababu, kama alivyoeleza baadaye, alikuwa ameacha maharage jikoni na jua linapanda. Aliyasoma matangazo yale mpaka waliokuwa wakingoja gari barabarani wakageuza shingo. Baada ya Misa padre, mtu wa maneno machache, alimwambia mlangoni, "Mama, wengine wameitwa madhabahuni. Wewe umeitwa kwenye matangazo." Winfrida akacheka, akidhani ni utani. Aliyafanya kwa miaka zaidi ya thelathini.

Asiyejua maisha ya mtaa wetu atasema kusoma matangazo si utakatifu. Na aseme. Kwetu ndipo mtu anapojua nani ameugua, nani ameposwa, kipaimara ni lini, na mbuzi wa nani ameonekana kwenye shamba la nani. Winfrida hakusoma jina la mtu mbele ya kanisa kabla ya kwenda nyumbani kwa mtu huyo na kupiga hodi. Aliletewa mara moja tangazo la ndoa ya binti mmoja wa Msata. Akaenda, akaketi na binti jikoni, akatambua kwamba ndoa ile waliitaka wazee peke yao. Tangazo halikusomwa, na binti yule leo ni muuguzi mwenye furaha yake. Alitangaza pia misiba ya Waislamu bila kuombwa. Mzee mmoja wa kanisa alipolalamika kwamba hayo si ya kwetu, alimjibu, "Baba, wakati tunajenga kanisa la Makurunge, maji ya kuchanganyia saruji uliyanywa wewe au tuliyatoa kisimani kwa Waislamu?" Tangu hapo mzee hakulalamika tena, jambo ambalo wengine wanalihesabu kuwa muujiza wake wa kwanza.

Kisima hicho kilikuwa cha Mzee Muhidini, mkulima wa mananasi wa Makurunge, ambako tuna kanisa dogo. Kila Jumapili mchana, baada ya Misa ya Mapinga, Winfrida alipelekwa huko na Feisal, kijana wa bodaboda, ili akasome matangazo yale yale kwa waumini wa Makurunge, na kila mara alipita kwanza barazani kwa Mzee Muhidini, akanywa kahawa yake. Walipendana kama ndugu, wakitaniana bila kuchoka. Ila kulikuwa na jambo moja kati yao. Adila, binti wa pekee wa mzee, aliolewa na kijana wa kwaya yetu, akabatizwa, akahamia Mapinga, na aliondoka bila radhi ya baba yake. Mzee hakumtukana wala hakumlaani. Aliacha tu kumwitikia. Adila alikwenda Makurunge, akapiga magoti, akasema, "Shikamoo baba," na baba akatazama mananasi yake. Kwa watu wa pwani hii hakuna kofi linalouma hivyo. Tangu siku hiyo binti hakuthubutu kurudi, akaitoa salamu yake kwa Winfrida, na Winfrida akaibeba kila Jumapili, mwaka hadi mwaka.

"Kaka, Adila anakuamkia. Anasema shikamoo."

"Dada," Mzee Muhidini alijibu kila mara, "kahawa inapoa."

Winfrida alirudi Mapinga na salamu ile ile, kama alivyofundishwa na bibi yake, wala hakuwahi kumdanganya Adila kwamba imepokelewa. Lilimuumiza hilo. Alimwambia padre katika maungamo, na baadaye aliwaambia wengi waziwazi, kwamba alimwomba Mungu asimchukue kabla hajapeleka marahaba moja tu katika nyumba ile.

Jaribu lake kubwa lilikuja Jumapili moja ya Septemba, mwaka 2015. Watu walikuwa wamekwisha kukomunika, simu yake ikatikisika ndani ya khanga. Alikuwa Feisal. "Mama, Mzee Muhidini hatunaye. Wanazika baada ya adhuhuri." Waislamu hawamlazi maiti wao, na kutoka Mapinga hadi Makurunge si pua na mdomo. Akienda kupiga hodi kwanza, kanisa zima lingekosa maziko ya mtu aliyetupatia maji ya kujengea. Kwa mara ya kwanza katika utumishi wake hakwenda. Alimfuata Adila kwenye benchi la kwaya, akamshika mabega, akamnong'oneza, kisha akasimama mbele akatangaza. Kabla hajamaliza, Adila alikuwa ameshatoka mbio na joho la kwaya mwilini. Mumewe akamkimbilia, wakakodi bodaboda. Nyuma yao kanisa lilipanda fuso la muumini mmoja, na sufuria, na mchele, na kuni, na padre akiwa mbele kwa dereva.

Walipofika Makurunge walimkuta Mzee Muhidini barazani, anamenya nanasi.

Aliyekufa alikuwa Muhidini mwingine, mzee mgeni aliyehamia hivi karibuni upande wa pili wa Makurunge, jirani ya Feisal. Kwa Feisal huyo ndiye Muhidini, maana yule wa kahawa alizoea kumwita Babu tu. Kwa Winfrida Muhidini alikuwa mmoja tu duniani. Lakini haya yalijulikana baadaye. Adila alikuwa ametangulia kidogo tu, ameanguka kwenye mchanga wa ua, analia kwa sauti, "Baba nimechelewa, baba nimechelewa," hata asiinue uso kuona ni miguu ya nani iliyoshuka barazani ikasimama mbele yake. Mzee alimtazama sana. Kisu cha nanasi kilikuwa bado mkononi mwake.

"Hujachelewa," alisema.

Adila akainua uso. Alipoweza kupata sauti, alisema neno lile lile lililokataliwa. "Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Inuka, nguo ya watu inachafuka."

Chakula hakikupotea. Mzee Muhidini mwenyewe aliwaongoza wote, Waislamu na Wakristo, hadi kwenye msiba wa kweli, ambako familia ya wageni wasio na ndugu karibu ilishangaa kuona fuso zima la waombolezaji. Lakini Winfrida alirudi nyumbani ameinamisha kichwa. Alikuwa ametangaza kifo cha mtu aliye hai. Watu walicheka, na wengine kicheko chao kilikuwa na meno. Jumapili iliyofuata alikaa benchi la nyuma, akakataa kusimama. "Mdomo huu umezika mtu mzima," alisema, wala maneno ya padre hayakumgeuza. Kijana aliyepewa kazi yake alisoma kwa pua, na mtaa mzima ukakosea tarehe ya kipaimara.

Hata Jumapili moja, wakati wa matangazo, ilisikika hodi mlangoni. Alikuwa Mzee Muhidini, amevaa kanzu yake ya Idi, Adila ubavuni mwake. Hakuingia. Aliomba ruhusa kwa padre, akasema akiwa pale kizingitini, "Mimi ndiye maiti." Kanisa likaangua kicheko. Akangoja kitulie. "Wahenga wamesema, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Langu laja, ila bado. Mama huyu alikosea mtu, hakukosea jambo. Kwa binti yangu mimi nilikuwa nimekufa, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kunitangaza. Nimempa radhi, na mbele yenu namrudishia dada yangu kazi yake. Dada, inuka. Kahawa inapoa." Winfrida akainuka, analia bila kuficha, akasoma matangazo yote tangu mwanzo. Tangu siku ile, haraka iwe ya namna gani, hakutangaza tena bila kupiga hodi.

Alilala katika Bwana mwaka 2022, Alhamisi ya juma la tatu la Kwaresima, nyumbani kwake Mapinga, baada ya kuugua kwa muda mfupi. Padre alimpigia simu Mzee Muhidini, ambaye wakati huo hakuona vizuri na alitembea kwa mkongojo. "Msitangaze," mzee alisema. "Nakuja." Feisal akamleta. Nyumba ilikuwa imejaa watu, mlango uko wazi, lakini mzee alisimama nje.

"Hodi, dada."

Akangoja.

"Hodi."

Akangoja tena, mkono kwenye fremu ya mlango aliyoichonga mumewe, marehemu Stefano. Akaita ya tatu, taratibu, kama mtu asiyetaka kumwamsha mgonjwa. Kisha akavua kofia yake.

"Ni kweli," alimwambia padre. "Sasa tangazeni."

Kanisa halijamwandika Winfrida katika kalenda yake, na huenda lisimwandike. Sisi wa Mtakatifu Anna tunamkumbuka kwa namna yetu. Wapendwa, tumwige: habari ya mtu ifike kwake kwanza kabla haijafika kwa wengine, na salamu isiyopokelewa ibebwe tena Jumapili ijayo. Anayesoma matangazo siku hizi ni Adila. Akisimama, padre humwuliza mbele ya wote kama amepiga hodi, naye hujibu, "Nimepiga, na nimeitikiwa." Ndipo tunapokaa kusikiliza.