Divai, Jibini na Kibuyu cha Mama Mkwe

Miezi saba ya kwanza ya ndoa yangu, mama mkwe wangu alizungumza nami habari za maji, kuni na ng'ombe tu. Hakunitukana hata siku moja. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Yamumbi, mgeni kutoka mkoa wa Kati, na yeye alikuwa ametarajia mwanawe alete nyumbani msichana aliyefundishwa kusafisha kibuyu cha maziwa.

Kisha kikundi chetu cha kina mama wafugaji kikapata mwaliko. Mfaransa mmoja na mkewe, waliokodi shamba upande wa Burnt Forest na kutengeneza jibini ya kuuza kwa mahoteli Nairobi, walitaka tushinde nao siku moja tuonje vyakula na mvinyo wa kwao. Mwenyekiti wetu alihitaji mtu wa kutafsiri Kiingereza, akanichagua mimi. Mama mkwe akatazama viatu vyake.

Asubuhi tulipanda lori la maziwa, kina mama kumi na wawili katika sweta za kanisani. Mama mkwe alipakata kibuyu kilichofungwa kwa leso.

"Siendi kwa watu mikono mitupu," alisema, bila kumwambia mtu yeyote hasa.

Mwenyeji wetu, mtu mrefu aliyevaa gambuti, alitupitisha kwenye chumba baridi chenye rafu za jibini na picha ya Rais ukutani. Halafu akatuketisha nje kwenye meza ndefu. Jibini zilipangwa kuanzia ile laini hadi ile kali, na kando ya kila moja mvinyo kidogo. Tutazame rangi, alisema, tunuse, tuache mdomoni, kisha tukitaka tuteme kwenye ndoo.

"Mtu ateme chakula mbele ya mwenyeji?" mwenyekiti aliniuliza. Hilo sikulitafsiri.

Glasi zilisukumwa kando, maana wengi wetu tulikuwa tumeapa kutokunywa pombe. Mama mkwe peke yake aliinusa yake.

"Muulize, hii ndio divai ya kanisa?"

Mfaransa akajibu kwamba ni zabibu zile zile.

"Basi kidogo, kama ya kanisa." Alifumba macho, akaonja, akakunja uso. "Ya kanisa iko na sukari."

Jibini za kwanza zilikuwa kama sabuni, ingawa tulizisifu. Ya mwisho ilikuwa na mishipa ya buluu, na harufu yake iliwafanya wengine wazibe pua.

"Hii imekufa," mmoja akanong'ona.

Mama mkwe alikata kipande, akatafuna polepole. "Haijakufa. Imelala tu, kama maziwa yetu."

Akafungua leso na kunipa kibuyu chake cha mursik, maziwa ya kugandishwa. Nyumbani sikuwahi kuruhusiwa kukigusa.

"Tikisa," akasema. "Tikisa kama mtu amekula akashiba!"

Nilitikisa mpaka mkono ukauma, nikamimina maziwa ya kijivu kwenye glasi za mvinyo. Mfaransa alifanya yote aliyotufundisha: akatazama rangi, akanusa, akaacha mdomoni. Hakutema. Alitoa daftari na kuanza kuuliza. Yamekaa siku ngapi? Moshi ni wa mti gani?

Sikujua jibu hata moja. Ikabidi nimuulize mama mkwe, naye akanieleza kwa kirefu kuliko alivyowahi kuniambia lolote.

"Si moshi, ni makaa. Mti ni senetwet. Umwambie sawasawa, asiharibu vibuyu vya watu."

Mwishowe Mfaransa akauliza swali linalonihusu mimi mwenyewe, nami nikaona aibu kulitafsiri. "Mama, anauliza kama mimi pia najua kutengeneza."

Alikichukua tena kibuyu chake. "Mwambie bado. Mwambie unaanza Jumamosi." Kisha akacheka, mabega yakitikisika, na kina mama wote wakacheka naye. Mimi pia.

Jumamosi ilipofika alinikalisha jikoni, akanionyesha jinsi ya kuchoma kijiti na kupaka makaa ndani ya kibuyu. Maziwa yangu ya kwanza yaliharibika, tukampa mbwa. Ya pili yalikuwa machungu. Ya tatu baba mkwe aliyanywa yote kimya, akaweka kikombe chini na kutoka kwenda kwa ng'ombe.

"Hajasema kitu," nikalalamika.

"Miaka yote niliyomtengenezea hajasema," mama mkwe akajibu, akinisogezea kiti. "Lakini umeona amemaliza."