Kufuata Elektroni Eldoret

Niliondoka Kisumu kwa sababu msimamizi wa tasnifu yangu alinipa hadi mwisho wa mwezi: nilete vipimo au nibadilishe mada. Vipimo vilikuwa Eldoret, katika maabara niliyoikimbia Januari, fujo za uchaguzi zilipofika mtaa wa Pioneer na sisi tusio Wakalenjin tukaanza kuogopa kutafutwa. Naitwa Ouma. Sasa ilikuwa Machi na redio ilisema kumetulia. Mama hakuiamini redio.

Saa moja asubuhi nilipata lori lililokuwa likienda Turbo kubeba mahindi. Dereva, Wekesa, aliniuliza nafuata nini huko.

"Bomba la kioo."

"Ndani kuna nini?"

"Karibu hakuna kitu. Hata hewa tulitoa."

Akabadilisha gia. "Sawa," akasema. "Wengine wamerudia ng'ombe."

Baada ya Webuye nilimweleza vizuri. Metali ikipashwa moto vya kutosha, elektroni huruka kutoka juu yake. Vitabu vina kanuni ya kukadiria ni ngapi zitatoka kwa joto lipi, ila kanuni hiyo ilitungwa kwa metali nene. Ndani ya bomba nilikuwa na utando wa kaboni wenye unene wa atomi chache, niliobandua kwenye grafaiti kwa selotepu, na nilishuku kwamba haufuati kanuni hiyo. Wekesa akauliza kama selotepu ilikuwa ya kawaida. Ilikuwa ya kawaida.

Turbo maduka yalikuwa yameungua upande mmoja wa barabara. Mama mmoja aliuza nyanya mbele ya majivu ya duka lake. Nilinunua nne. Hapo nikachukua boda boda.

Saa sita nilifika maabara, nikiwa na hakika kwamba pampu ya kutoa hewa imezimwa na utando umeharibika. Pampu ilikuwa inanguruma. Fundi wetu Jerop, Mkalenjin niliyefanya naye kazi miaka miwili, alikuwa akifuta meza.

"Ulienda bila kuniambia," akasema.

"Niliogopa."

"Mimi?"

Niligeuka kuangalia pampu.

"Nilikupigia. Ulikuwa mteja siku zote, hupatikani." Akanisukumia daftari langu. "Nimemaliza ile list yako ya temperature. Angalia kama nimekosea."

Hakuwa amekosea. Kila siku joto moja, mkondo mmoja wa umeme, kwa mwandiko wake mnene. Siku moja tu haikuwa na namba: "Sijapima. Barabara imefungwa. Sijui kama Ouma yuko hai." Niliona aibu, nikakaa chini.

Jioni nilirudi Kisumu na daftari. Bomba nililiacha, kwa kuwa lilikuwa na mtu wa kulitunza. Njiani nilichora grafu kwa penseli: vipimo vyake vilikaa kwenye mstari ulionyooka, lakini si mstari wa kitabu. Utando ulikuwa na kanuni yake. Jerop naye alikuwa na yake, na miezi miwili nilikuwa nimemkadiria kwa kanuni ya umati.

Msimamizi alifurahia grafu. Aliniagiza niifute ile sentensi ya Jerop niliyoinakili kwenye jedwali, kwa kuwa haihusu elektroni. Nilifanya masahihisho mengine yote aliyotaka, sentensi hiyo nikaiacha, na juu ya jedwali nikaandika jina la aliyepima.