Udongo wa Ngitili ya Paskazia

Jirani yangu Paskazia, Mama Noela, hamwamini mtu anayekuja na zawadi. Mpelekee hata chumvi, atakuuliza unataka nini. Hapa Samuye tunamcheka, lakini hakuzaliwa hivyo, alifundishwa.

Babu yake aliambiwa na wakoloni kuwa ng'ombe wanahesabiwa ili wachanjwe. Hesabu ilipokwisha, ikaja amri ya kuwauza kwa nguvu. Babu akawaficha wengine ndani ya ngitili, malisho ya ukoo yanayofungwa masika ili majani yawangoje ng'ombe kiangazi. Alitupwa jela, na hakusema walipo. Ngitili hiyo ndiyo Paskazia anayoilinda mpaka leo.

Basi masika haya wakaja wageni na mtambo, eti wanatuchimbia kisima cha bure, na maji yenyewe yako katikati ya ngitili. Mwenyekiti wa kijiji akawaruhusu. Tulishangilia, mimi wa kwanza, maana maji ya bwawani yameumaliza mgongo wangu. Paskazia alisimama kando ya uzio wa minyaa, akawatazama wakichimba.

"Shikamoo, mayu," alisema Edson, mkubwa wao, akimwita mama kwa Kisukuma. "Maji yakitoka utatushukuru."

"Marahaba. Na huo udongo mnaoufunga kwenye vifuko ni wa nini?"

"Tunaupima, tujue kama maji ni salama."

Paskazia akanigeukia. "Mama Dorah, sisi tumechimba visima tangu utoto. Umewahi kuona mtu wa maji akiondoka na udongo?"

Nilianza kucheka, kisha nikaacha. Nimekaa Mwakitolyo kwa shemeji yangu. Huko wanaobeba udongo wanatafuta dhahabu, na wakiipata wenyeji huhamishwa. Hasira zikanipanda kwa kugeuzwa mjinga kwetu, tena kwa kisima.

"Edson, mnatafuta maji au dhahabu?" nikamuuliza.

Akaanza kuvikusanya vifuko haraka haraka.

Paskazia hakugombana naye. Alikwenda zizini, akaswaga ng'ombe wake wote mpaka ndani ya ngitili. Nami nikaleta wangu, na majirani wakaleta wao, mpaka mtambo ukazungukwa na pembe na wageni wakakimbilia gari lao. Paskazia akavichukua vile vifuko, akavimwaga kimoja kimoja kwenye shimo walilochimba.

Nikaangalia majani machanga yakitafunwa, moyo ukaniuma.

"Mama Noela, kiangazi tutalia."

"Tutalia," alisema, akikung'uta kifuko cha mwisho. "Lakini tutalia tukiwa kwetu."