Review yangu ya album ya classical ya kwaya ya Mwingi ilivyonirudia

Wakuu, poleni na kazi. Hii nilimficha hata mke wangu siku tatu, kwa hivyo mjue sijaongeza chumvi. Aibu yenyewe ni yangu.

Nina hardware ndogo hapa Kikima. Kazi yangu ya pili, isiyolipa, ni kusikiliza. Nina page ya kufanya review ya recording mpya za classical, zile anthem za kizamani za sauti nne ambazo kwaya zetu za Ukambani huimba kwa solfa, yaani do re mi zilizoandikwa kwa herufi.

Wasomaji si wengi, lakini waimbaji kutoka Kilungu mpaka Mwingi wananijua. Na nilipenda kujulikana, nisiwadanganye.

Basi kwaya moja ya kanisa huko Mwingi ikatoa album. Soprano safi. Tenor wametulia.

Wimbo wa tano, pale mwisho ambapo besi wanafaa kushuka chini kabisa, wakaruka juu! Nikarudia mara nne. Juu.

Niliandika bila huruma. Nikasema mwalimu wao hajui kusoma solfa, na besi wake wanapanda kama mbuzi aliyeona majani ya jirani. Watu wakacheka, wakashare, nami nikafurahi.

Jumatano mwalimu mwenyewe akanipigia. Madam Mwende, mama wa makamo, sauti ya upole.

"Ndugu, nimesoma ile maneno uliandika. Sikupigii kukulaumu. Lakini wazee wa kanisa pia wamesoma. Wamesema Sunday nirudishe file za kwaya, wapatie mtu anajua."

Nikamjibu kwa kiburi kwamba pole, lakini muziki ni muziki.

"Ni sawa. Basi nisaidie na kitu moja. Nakutumia karatasi yenye tuliimbia, uniambie nilisoma vibaya wapi."

Picha ikaingia WhatsApp. Photocopy ya photocopy, imefifia.

Kwa wasiojua, kwenye solfa noti ya chini huwekewa kamstari kadogo chini yake. Pale kwa besi hakukuwa na kamstari. Huyu mama alisoma sawasawa kilichoandikwa.

Na mwandiko ulikuwa wangu.

Zamani nikiwa secretary wa kwaya yetu, niliunakili wimbo ule kwa mkono kutoka kwa kitabu, kwaya zingine zikaomba copy. Jina langu liko pale chini. Hapa Kikima hatukugundua kosa kwa sababu besi wetu waliujua wimbo kwa kichwa, hakuna aliyeangalia karatasi.

Nyani haoni kundule. Nilikaa kwenye gunia la saruji.

Ningeweza kufuta post na kunyamaza. Nilifikiria hivyo mpaka Jumamosi, ndipo nikamwambia mke wangu. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Na huyo mama, kesho atarudisha file juu ya makosa ya nani?"

Nikaandika post mpya kukiri kosa, nikaweka na ile picha. Jumapili nikaenda Mwingi.

Nilisimama mbele ya kanisa na karatasi mkononi, nikaeleza yote. Wazee wakanong'onezana, kisha mmoja akasema, "Hizo file zikae kwa Madam." Ikaisha hivyo. Niliona Madam Mwende akifuta macho na kitambaa, nikajichukia.

Halafu akaniita. "Ndugu, kuja usimame na besi. Tuimbe ya tano."

Tukaimba. Pale mwisho mimi nikashuka, kama ilivyo kwa kitabu. Nilishuka peke yangu. Besi wote wakapanda, kama karatasi yangu ilivyowazoesha, kanisa likapanda nao, nikabaki huko chini watu wakinigeukia kama mgeni aliyekosea mlango.

Madam Mwende hakucheka. Alinitazama tu, akainua kidole: juu.

Tukarudia. Nikapanda.

Wakuu, nilichojifunza ni hiki: kabla hujamwambia mtu hajui, omba kwanza uone karatasi aliyopewa. Siku hizi siandiki review bila kuiona.

Kama kwaya yenu ina copy yenye jina langu, niambieni hapa chini. Na mwenye neno la kunichapa aliseme, nimekaa.