Maharage ya Harusi na Kuni za Makaburini

Wiki ile ya harusi yangu nilikuwa nacheka ovyo. Nilicheka nikipima sare za kwaya, nikacheka nikikata kitambaa, hata fundi mwenzangu pale sokoni katika kambi yetu ya wakimbizi ya Dzaleka akaniuliza kama nimekunywa kitu. Sikuwa nimekunywa. Nilikuwa naolewa, tena na mwanamume ninayempenda, jambo ambalo kwa umri wangu watu wa kanisani walishaacha kuliombea.

Tatizo lilikuwa maharage. Sisi watu wa Bukavu, harusi bila maharage tunaiona mkutano tu, na maharage yana roho mbaya, yanakula kuni kuliko wageni wanavyoyala yenyewe. Kuni hatukuwa nazo. Pande zote za kambi yamebaki mashamba na visiki, na hata visiki watu walishaanza kuvichimba. Mwaka huo vijana wetu waliokwenda kuokota vijiti walirudi wamepigwa, na mwanakijiji mmoja aliyekuja sokoni akarudishwa kwao akivuja damu ili kulipiza. Tangu hapo kila upande ulikuwa unangoja sababu. Mkaa nao unanyang'anywa njiani na walinzi wa misitu.

Kwa hiyo nilikwenda Lilongwe kutafuta karatasi. Mwenzangu wa kwaya anafagia ofisi moja kule City Centre, na ofisi hiyo ina mashine ya kukatakata karatasi, zinatoka nyembamba kama tambi. Ukiziloweka, ukachanganya na pumba za mahindi, ukafinyanga madonge na kuyaanika juani, yanawaka vizuri tu. Alinijazia magunia. Vipande ambavyo mashine haikuvikata sawasawa tulivisoma pale kwenye ngazi za nyuma, na kumbe zilikuwa ripoti za kuhifadhi misitu. Tulicheka mpaka mlinzi akatufukuza. Nilimwambia mwenzangu kwamba ripoti hizo sasa ndizo zinazokwenda kuokoa miti.

Nikiwa mjini, mchumba wangu naye akaamua kunishangaza. Alikuwa hajamaliza mwaka tangu afike Malawi, na mapenzi yalikuwa yamempanda kichwani. Niliporudi na magunia yangu nikakuta uani kwa shangazi, aliyenilea, lundo la kuni nene, kavu, ambazo sikuwahi kuziona za namna hiyo tangu tutoke Kongo. Yeye amesimama kando yake, mikono kiunoni, anang'aa uso mzima.

"Tantine, iko pori moja kule nyuma ya mashamba," alikuwa anamweleza shangazi. "Miti mikubwa, muzuri sana, na hakuna mutu anakata. Nilishukuru Mungu."

"Hakuna mutu anakata," shangazi akarudia polepole. "Na haukujiuliza juu ya nini?"

Hakujiuliza. Alikotoka yeye makaburi ni misalaba mahali peupe. Wachewa, wenyeji wa hapa, huzika ndani ya miti, na mahali hapo wanapaita manda. Yeyote aliyekaa hapa kidogo anajua kwamba akiona msitu mnene katikati ya nchi tupu, hao ni marehemu wa watu. Hata kijiti kilichoanguka chenyewe hakiokotwi, isipokuwa cha kuwashia moto wa msiba. Mchumba wangu alikuwa ametuletea moto wa msiba uje utupikie harusi. Shangazi aliketi chini vumbini, na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka.

Kicheko kiliniisha jua lilipoanza kushuka. Wanaume wa kijijini walikuja na mapanga, na vijana wetu wakatoka majumbani na vyuma na mawe, haraka sana, kana kwamba walikuwa wameviweka tayari nyuma ya mlango. Mchumba wangu alitaka kutoka. Nilimtangulia, kwa sababu Kichewa nakijua mimi, nashona sare za shule za watoto wao. Aliyewaongoza alikuwa mkubwa wa wachimba makaburi, mtu mfupi mwenye mabuti ya mpira, na hakupiga kelele hata kidogo. Aliniuliza ni nani aliyekufa katika nyumba hii.

"Hakuna, baba," nikamjibu. "Tunafunga ndoa."

"Basi mnataka nani afe, mkiwasha hizo?"

Nilipotafsiri, mchumba wangu akapiga magoti bila kuambiwa na mtu. "Mwambie sikujua," akasema. "Mwambie nitarudisha zote, na kazi yoyote banataka nitafanya."

Yule mzee akatoa hukumu. Kuni zirudi zote, hadi gome. Kuku mmoja aende kwa chifu. Na siku mtu atakapofariki kijijini, huyu bwana aje achimbe pamoja nao, maana amechukua kwa wafu na atawafanyia wafu kazi. Waliokuwa nyuma yake hawakupendezwa, na baadhi ya wetu nao hawakupendezwa, wote walikuwa wamejiandaa kwa jambo kubwa zaidi. Lakini mapanga yalishuka. Wakati wa kupakia, shangazi akakumbuka kwamba kipande kimoja kilikuwa tayari chini ya birika la chai. Alikichomoa, akakimwagia maji, akakikabidhi kwa mikono miwili, kinatoa moshi, huku akiomba radhi kwa Kichewa, pepani, pepani. Mzee yule alikipokea kwa heshima kabisa, na mimi ilibidi nijifiche nyuma ya magunia ili nicheke.

Siku zilizofuata wanawake wa kwaya walifinyanga madonge ya karatasi mpaka mikono ikawa ya kijivu. Bati lote la paa la shangazi likajaa madonge yanayokauka. Ijumaa tulichemsha maharage tu kidogo, kisha kila sufuria tukaifungia ndani ya katoni iliyoshindiliwa vitambaa vyangu vya mabaki na mablanketi ya nusu ya mtaa. Ndani humo joto halina pa kwenda, na maharage yanajiivisha yenyewe bila moto. Mama mmoja alileta koti la mume wake, na mume akaja nyuma yake analidai.

Jumamosi alfajiri, siku yenyewe ya harusi, wachimba makaburi walikuja kumchukua. Kuna mtu amefariki kijijini. Mchumba wangu alivaa suruali ya kazi, akaniambia, "Sheri, nakuya," yaani mpenzi, nakuja, akaondoka nao.

Nilivaa gauni nikamngoja. Wageni wakafika, mchungaji akafika, jua likapanda. Watu wakaanza kunong'ona. Wamemtwisha yeye kifo hicho, walisema, wanakijiji watadai kuni zake ndizo zilizokiita. Hapo dereva mmoja wa kabaza, zile baiskeli za kubeba abiria, akasimamisha baiskeli yake uani, anahema.

"Nilimuona," akasema. "Iko ndani ya shimo, bantu bamemuzunguka na majembe."

Bila shaka alikuwa ndani ya shimo, alikwenda kulichimba. Nilisema hivyo mara nyingi, hakuna aliyesikia. Vijana walivua makoti ya harusi wakaanza kutafuta vyuma, na niliona wazi kwamba wakiingia na vyuma kwenye mazishi ya watu, hakutakuwa na harusi wala kambi. Nikapiga kelele, "Chakula iko tayari," nikakimbilia katoni, nikararua vitambaa. Mvuke ulipanda usoni kwangu. Maharage yalikuwa laini, moto kabisa. Mimi bibi harusi, gauni limekunjwa hadi magotini, nilianza kupakua, nikamtilia kila kijana sahani mkononi, iliyojaa hadi ukingoni. Sahani ya namna hiyo inataka mikono miwili. Walisimama pale na hasira zao, wanatafuna. Nilicheka kwa hofu, wao wakadhani nina furaha, wakaanza kucheka na mimi.

Bado walikuwa wanakula aliporudi, amejaa udongo hadi mapajani, amefuatana na mzee wa mabuti. Mzee aliomba jambo moja tu, kijiji kiko msibani, tusipige ngoma. Kwa hiyo tulioana kimya. Kwaya iliimba kwa kunong'ona, na baada ya kiapo wageni wote walicheza bila sauti, mabega na visigino tu, shangazi akizungusha kiuno huku ameziba mdomo kwa leso. Sijapata kuona kitu cha kuchekesha kama kile. Machozi yalinitoka. Nikamshika mume wangu mikono, imejaa malengelenge, nikamuuliza mbona hachezi.

"Shimo ilikuwa fupi," akaniambia sikioni. "Ya mutoto."

Kesho yake nilijitwisha beseni la unga wa rambirambi nikaenda huko kijijini peke yangu. Mama wa marehemu alikuwa ameketi mkekani na wanawake wa kwao. Aliniuliza mimi ni nani, nikamwambia ukweli, kwamba mimi ni mke wa yule aliyechukua kuni. Kisha akasogea, akanipa nafasi mkekani.