Tangazo la Ruzuku Lililonywewa

Sifa njema ni zake Mola, aliyempa mwanadamu kalamu ya kuandika mambo yake, kisha akampa na kicheko asije akayatukuza mno maandishi yake mwenyewe. Rehema na amani zimfikie Mtume wake. Mimi sasa ni mzee, na wengi walioliona jambo hili wamekwisha kututangulia. Kwa hiyo naona ni haki niseme jinsi bibi mmoja alivyokunywa tangazo la serikali, maana niliyeliandika ni mimi.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Kijiji chetu kilikuwa bara kidogo kutoka Miteja, nyumba zimepangwa safu safu kama waumini msikitini. Nilikuwa maalim wa chuo cha Kurani, na kwa kuwa nilijua pia herufi za kizungu, nikafanywa mwalimu wa kisomo cha watu wazima. Banda letu la makuti lilivuja hata kwa umande. Serikali, Mungu aijalie, ikatupa ruzuku ya kujenga darasa. Sharti lilikuwa moja: orodha ya vitu vyote itangazwe kwa maandishi mlangoni pa ofisi ya kijiji, ili kila mwananchi ajue alichopewa. Bwana Maendeleo angekuja na lori. Asipolikuta tangazo, lori lingegeuka na mabati yangeenda kijiji kingine.

Basi ruzuku ya kuwafundisha watu kusoma ilitaka watu hao kwanza waisome. Mwenyekiti wa kijiji alibandika barua yenyewe ya serikali. Watu wakapita, wakausifia muhuri kwa uduara wake, wakaenda zao shambani.

Nikamshauri mwenyekiti tuiandike kwa herufi za Kiarabu, maana nusu ya kijiji walipita chuoni, kwangu au kwa marehemu baba, na herufi zile walizijua japo kwa kudonoa. Akakubali. Wino wa ofisi ulikuwa umekwisha, na dukani Nangurukuru wakasema mpaka mwezi ujao. Nikachukua ubao wa chuoni, nikaandika kwa wino nilionao, ule wa zafarani na marashi ninaoandikia kombe. Asiyejua kombe nimwambie: ni aya zinazoandikwa kwenye sahani, zikaoshwa kwa maji, mgonjwa akanywa kwa kutaraji shifaa ya Mungu. Juu kabisa nikaanza na Bismillahi, kwa sababu sijawahi kuandika kitu bila hiyo. Chini yake nikapanga mabati na misumari, kisha nikautundika ubao mlangoni pa ofisi.

Tangazo lilipendwa kupita matarajio yangu. Kwa siku tatu, kila baada ya swala ya alasiri, watu walisimama mbele ya ubao wakalisoma kama walivyofundishwa kusoma, yaani kwa pamoja, kwa sauti ya kuvuta, huku wakiyumba. Mabati yalivutwa. Misumari ilivutwa. Kwenye saruji walishusha sauti kwa unyenyekevu, na mzee mmoja aliyekuwa na moyo laini alitokwa na machozi.

Sasa, nyumba ya kwanza kutoka ofisini alikaa bibi aliyesumbuliwa na magoti. Hakujua herufi yoyote, lakini masikio yake yalikuwa mazima. Siku ya nne mwenyekiti alikwenda Nangurukuru kumlaki mgeni, na barua akaitia mfukoni asije akaulizwa asiwe na jibu. Watu walikuwa kwenye shamba la ushirika. Nilipofika ofisini nilimkuta bibi kakaa kizingitini na bakuli tupu, ubao uko mapajani, mweupe, unadondosha maji.

Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu aliyeshiba. Nikamwuliza amefanya nini.

"Nimekunywa, maalim," akasema. "Zafarani yako, mkono wako, na waumini wameusomea siku tatu. Ulitaka nisubiri kombe gani tena?"

Nikamweleza kwamba ubao ule haukuwa wa ugonjwa wa mtu bali wa mabati ya serikali. Akafikiri, kisha akasema ndiyo maana alihisi uzito. Kabla sijajua nicheke au nilie, tukasikia lori.

Bwana Maendeleo alikuwa kijana nadhifu wa Lindi mjini, kwao Rasbura, suruali imenyooka licha ya vumbi la safari. Akamwamkia bibi, kisha akatazama mlango. Mwenyekiti akaichomoa barua upesi. Yule kijana akatikisa kichwa.

"Ndugu Mwenyekiti, kwenye sharti imeandikwa mlangoni. Mfukoni haikuandikwa."

Akamwashiria dereva asizime injini. Nililiona paa letu likigeuka kurudi barabara kuu. Nikasema ukweli: liliandikwa, likasomwa, na sasa limo tumboni mwa huyu mama. Wakati huo watu walikuwa wakirudi kutoka shambani, na taarifa ilipowafikia, wengine walimlaumu bibi kwa kunywa mabati ya umma peke yake bila hata kumbakizia jirani.

Bwana Maendeleo akamwinamia bibi. "Bibi, na hilo ulilokunywa lilisemaje?"

Bibi akaweka bakuli chini, akafumba macho, akaanza kuyumba. "Mabati arobaini," akavuta. "Misumari paketi kumi na mbiliii." Kijiji kikamwitikia nyuma yake, majembe mabegani, hadi saruji mifuko ishirini, na pale wakashusha sauti kama kawaida yao. Yule kijana alifuatisha na karatasi yake, kidole kikishuka mstari kwa mstari, na hakuna walipokosea.

Akaikunja karatasi yake. Kisha akasema amezunguka vijiji vingi, ameona matangazo yaliyobandikwa vizuri, lakini wananchi wanaoijua ruzuku yao kwa moyo hajapata kuona. Akamwambia dereva azime injini.

Tangazo la pili alituagiza tuliandike kwa chaki. Bibi alilikagua, akalinusa, akasema hili halina faida kwa mtu. Darasa lilipoezekwa alijiandikisha, akawa anakuja kwa miguu yake bila fimbo, na alituambia kila siku ni mabati yale.

Wewe uliyesoma hadi hapa, Mungu akupe macho ya kusoma kila kinachoandikwa kwa ajili yako, magoti ya kukufikisha kilipobandikwa, na paa lisilovuja juu ya wote uwapendao. Amin.