Korongo Alipoitwa Najisi

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa ninyamaze. Ilikuwa miaka ile ya soko huria, maduka ya Songea yameanza kujaa vitu, nami nimefika ofisi ya tafsiri na shati la mtumba nililolipiga pasi mara mbili. Nilidhani nitapewa mashine ya kupiga chapa. Mkuu wa Ofisi akanitazama, akasema, "Wewe utasoma. Ukimaliza kusoma, funga mdomo."

Kazi hiyo inaitwa upimaji. Maandiko yalikuwa yanatafsiriwa kwa Kingoni, nami nilipeleka rasimu kijijini, nikaisoma kwa sauti, kisha nikauliza, "Mmesikia nini?" Kuwasaidia wasikilizaji ni marufuku. Majibu yao niliyaandika kwa Kiswahili, ili Padre Mshauri, aliyesomea Kiebrania, aone kama maana imefika salama. Mimi niliishia darasa la saba, kwa hiyo nikieleza vibaya mnivumilie.

Kitabu cha Walawi tulikipima nje kidogo ya mji, mvua za kwanza zimeshanyesha. Makorongo walikuwa wamekuja. Walitembea mashambani taratibu, kama watu waliodondosha kitu na hawana haraka ya kukiokota. Nikiwa nasoma huku nawaona, sauti yangu niliisikia kama inatoka bondeni, ya mtu mwingine. Nikafika kwenye orodha ya ndege walio najisi, wasioliwa. Nikataja korongo.

Mama Skolastika, mmoja wa wasikilizaji, akapiga makofi. "Haya, Mzee Benedikti, umeitwa! Ndege najisi huyo!"

Mzee Benedikti alikuwa wa ukoo wa Korongo. Kwao ndege huyo ni mwiko kumla, na jina lake ndilo wanaloitwa wakati wa kuzikwa. Mama Skolastika alikuwa mtani wake, na mtani ana ruhusa ya kukusema hata msibani kwako. Watu wakacheka. Mzee hakucheka.

"Utani naujua, mama," alisema. "Lakini hiki kitasomwa kanisani. Wajukuu zangu wataitwa najisi mbele ya madhabahu? Neno hili likibaki, ukoo wangu hautaingia humo." Akavaa kofia yake, akaondoka.

Mkuu wa Ofisi alitaka tuweke ndege mwingine, asiyejulikana na mtu. Nisimwonee, hakutaka watu wagawanyike. Padre Mshauri akasema tumsikilize mzee kwanza. Tukaenda kukaa barazani kwake, na Mama Skolastika naye akaja, hakuitwa.

"Jina lake la Kiebrania ni hasida," Padre alieleza. "Wengi hulihusisha na neno hesedi, yaani fadhili, wema usiochoka. Mzizi wenyewe sina hakika nao. Ila wazee wa Kiyahudi walisema aliitwa hivyo kwa sababu hugawana chakula na wenzake."

Mzee aligeuka akatazama shamba. "Na hao Waisraeli walikatazwa kumla?"

"Walikatazwa."

"Kama sisi."

"Kama ninyi, mzee."

"Basi Musa ni wa ukoo wako!" Mama Skolastika akadakia. Halafu akaacha kucheka. "Lakini Padre, kama ni mwema, mbona najisi?"

"Wengine walijibu kwamba wema wake ni kwa wenzake tu."

Mzee Benedikti akavua kofia. "Mbolea ilipopanda bei," alisema polepole, "niliyopata niligawia ukoo wangu. Huyu mama alipiga hodi. Nikamwambia imekwisha, na gunia limesimama nyuma ya mlango."

"Nililiona," Mama Skolastika alisema. Hakutania.

"Andikeni korongo," mzee akamwambia Padre. "Kitabu kimetujua."

Sasa nimestaafu. Vijana huniuliza hasida maana yake hasa nini, nami nawaambia hata Padre hakuwa na hakika, sembuse mimi. Wakati mwingine naona kama miaka yote ile niliiota, nikisoma nusu usingizini. Lakini hili nililiona nikiwa macho. Msimu uliofuata nilipita shambani kwa Mama Skolastika. Mzee Benedikti na wanawe walikuwa wanamlimia matuta, mgongo wa mzee umelowa jasho, naye mama amekaa kivulini akiwafokea: "Inueni majembe, hasida ninyi! Mnalima au mnatafuta panzi?"

Mzee alicheka mpaka akaegemea jembe.